Nilimtumia mteja picha za majaribio, sasa anataka punguzo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga picha, nina miaka mitatu katika kazi hii, niko Mombasa. Mwezi uliopita nilipata kazi kwa mama mmoja mwenye mkahawa wa vyakula vya Kiswahili Mji wa Kale. Anataka picha za menyu mpya, za ukumbi na za ukurasa wake wa Instagram. Bei tulikubaliana kwa mdomo. Akaniambia, "Hebu nionyeshe kidogo unavyofikiria." Nikaenda mchana mmoja na simu, nikapiga picha 18 za haraka, nikamtumia zote kwa WhatsApp. Zilikuwa za kuonyesha wazo tu. Yeye akazipeleka kwenye kundi la familia. Shemeji yake kasema chakula kinaonekana kimepoa, mwanawe kaweka moja kwenye stetasi, na sasa mama mwenyewe ananiambia, "Kumbe hata simu yatoa vizuri, basi nipunguzie." Je, nilikosea kumwonyesha? Nifanyeje sasa? Na siku nyingine, nimwombe mpishi apike chakula kizima kwa ajili ya majaribio, au nipige sahani tupu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kumwonyesha si kosa, na siku nyingine umwonyeshe tena. Kilichokuponza ni kutuma. Kuonyesha ni kukaa na mtu, picha iko mezani kati yenu, wewe waeleza na yeye auliza. Ukituma, picha inasafiri peke yake na haina mdomo wa kujieleza. Zako 18 zilimfikia shemeji bila wewe. Hakuna aliyemwambia kwamba biriani ile ilikuwa imekaa tangu adhuhuri, wala kwamba ulikuwa ukitafuta pembe tu. Ameona picha ya chakula, akaisoma kama picha ya chakula, akasema alichokiona. Simlaumu.

Sisi wapiga picha tumezoea kutazama picha ghafi na kuona picha ambayo bado haijapigwa. Jicho letu linaziba mapengo lenyewe: pale patakuwa na taa, kile kitambaa kitabadilishwa, lile jagi la plastiki la bluu halitakuwepo. Mteja analiona jagi. Analiona vizuri kuliko sinia, kwa sababu jagi ni lake na analionea haya. Nimekaa na wateja wengi mezani na kila mara ni hivyo hivyo. Unamwonyesha mwanga unavyoingia dirishani, naye anatazama waya wa feni.

Kwa hiyo nitakwambia ninavyoichukulia mimi picha ya majaribio, na mengine yote yatafuata hapo. Ni swali. Kila moja inamuuliza mteja jambo moja ambalo ni lazima alijibu kabla ya siku ya kazi. Picha isiyouliza kitu haina haja ya kufika mezani. Ukishaitazama hivyo, utaona mwenyewe kwamba 18 ni nyingi mno. Hakuna mkahawa wenye maswali 18. Una manne, matano ukizidi.

Tuchukue kazi yako yenyewe. Swali la kwanza ni chakula kitazamwe kutoka wapi. Biriani ya Mombasa, wali wake na masala yake hupikwa mbali mbali, na ikipakuliwa kwenye sinia uzuri wake uko juu: weupe, umanjano wa zafarani, wekundu wa masala, vitunguu vya kukaanga. Hiyo inataka jicho la kunguru aliye juu ya paa. Samaki wa kupaka ni kinyume chake. Ukimpiga kutoka juu ni doa la kahawia kwenye sahani. Ukishuka hadi usawa wa macho ya mtu aliyeketi, mwanga ukitokea nyuma, utaona tui la nazi linavyong'aa mgongoni mwake na pale moto ulipomshika. Basi hapo una picha mbili za majaribio, sahani ile ile mara mbili, kutoka juu na kutoka ubavuni, na swali lake ni moja: wateja wako waone chakula kama karamu iliyotandikwa, au kama sahani iliyowekwa mbele yao?

Swali la pili ni mikono. Je, pawe na mkono unaomega mahamri, unaomimina kahawa kutoka kwenye dele? Na kama upo, ni mkono wa nani, una hina au hauna, ni wa mpishi au wa mgeni? Usilione dogo. Kwa mama mwenye mkahawa wa familia Mji wa Kale hilo laweza kuwa zito kuliko mengine yote, na ni afadhali ulijue mapema kuliko siku ambayo umeshamkalisha mtu mezani. La tatu ni ukumbi, uwe na watu au uwe mtupu. La nne ni mandhari ya nyuma, kama unataka ukuta ule wa matumbawe uliopakwa chokaa au ule mlango wa nakshi ambao kila mtu anaupiga.

Hayo manne yakijibiwa, kazi yako imeshapangika nusu.

Sasa namna ya kuonyesha. Mimi huzichapa. Karatasi ya kawaida ya A4, picha moja kila karatasi, na huzitoa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Watu hunishangaa, chakula bila rangi! Ndiyo sababu hasa. Rangi ikiwepo mteja atazungumza rangi: wali umepauka, nyanya si nyekundu, ukuta unaonekana mchafu. Rangi hujaipanga bado, ya nini kuijadili? Ukiiondoa hubaki umbo, pembe na mahali vitu vilipo, na hayo ndiyo unayouliza. Tena hakuna mtu atakayeweka stetasi picha ya biriani isiyo na rangi kwenye karatasi iliyokunjwa. Chini ya kila karatasi naandika kwa mkono sentensi moja, swali lenyewe. Na juu, kwa kalamu nene: JARIBIO.

Nafika nazo, nazitandaza mezani zote kwa pamoja, kisha nanyamaza. Hapo usizungumze. Tazama mkono wake. Kuna karatasi atakayoivuta kwake kabla hajasema neno, na kuna atakayoisukuma pembeni bila mwenyewe kujua. Mkono hutangulia mdomo, na kwetu pwani mdomo una adabu nyingi. Mteja akisema "ziko sawa tu," huku ametazama pengine, ujue haziko sawa. Anakuonea haya. "Ziko sawa" ya namna hiyo imenigharimu siku nzima za kazi, kwa sababu niliipokea kama ndiyo. Ukiisikia, chukua karatasi mbili uzishike juu na uulize, "Kama ungelazimika kutupa moja?" Hapo atakujibu kweli.

Na hakikisha aliyekaa mbele yako ndiye mwenye neno la mwisho. Kwenye kazi yako inaonekana shemeji ana sauti. Basi shemeji naye aitwe kwenye chai, aulizwe pale pale, ajibu mbele ya wenzake. Mtu aliyeshirikishwa mwanzo hupata shida kulaumu mwishoni.

Mkishamaliza, mtumie mama ujumbe mmoja siku hiyo hiyo, maneno matupu bila picha. Kitu kama hiki:

"Mama, ahsante kwa chai. Tumekubaliana: biriani na pilau zipigwe kutoka juu kwenye sinia; samaki wa kupaka na viazi karai zipigwe usawa wa mtu aliyeketi; mkono uonekane kwenye picha 3 tu, na uwe wa mpishi; ukumbi upigwe kabla hamjafungua. Kazi ni Jumatano saa moja asubuhi hadi saa sita. Karatasi nilizokuonyesha ni za kupangia kazi, hazitumiki popote. Kama kuna nililokosea niambie kabla ya Jumatatu."

Ujumbe huo ndio utakaokuokoa siku mtu atakaposema "lakini mimi nilidhani." Uuhifadhi.

Nije kwenye mitego ya picha zenyewe, maana hapa ndipo wengi huumia bila kujua kilichowaumiza. Nitakueleza kwa yaliyonipata mimi.

Nilipoanza, mwishoni mwa miaka ya tisini, tulikuwa tunajaribu kwa Polaroid, filamu inayotoa picha papo hapo. Kamera kubwa ilikuwa na kishikio nyuma, unapiga, unavuta karatasi, unahesabu, unaibandua. Joto la Mombasa lilikuwa linaiharakisha dawa, na rangi zikielemea manjano. Kwetu studio hilo halikuwa shida, kwa sababu Polaroid ilikuwa ya kupima mwanga na mpangilio, kisha kazi yenyewe tunaipiga kwenye filamu ya slaidi. Hoteli moja ya ufukweni ikanipa kazi ya vyumba. Meneja akaitazama Polaroid ya chumba kimoja, ile yenye umanjano kama wa taa ya chemli, akaipenda, akaitia mfuko wa shati. Alizunguka nayo wiki mbili. Slaidi ziliporudi kutoka kuoshwa zilikuwa safi, nyeupe ni nyeupe, na yeye akakataa kuzipokea. Alitaka "ile ndogo." Nilirudia vyumba vyote na karatasi ya manjano mbele ya taa, kwa gharama yangu. Kosa langu lilikuwa kuiacha ile karatasi iondoke chumbani. Kampuni ya Polaroid ilitangaza mwaka 2008 kwamba inaacha kutengeneza filamu zake, lakini mtego haukuondoka nayo. Sasa unakaa ndani ya simu.

Simu yako ina lenzi pana. Lenzi kuu ya simu nyingi ni sawa na milimita 24 hadi 26 kwa vipimo vya kamera ya fremu kamili, ile yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35. Ukiingia nayo kwenye ukumbi mdogo wa Mji wa Kale, ukumbi unapanuka. Meza tatu zinaonekana kama zina nafasi ya kutandika nyingine mbili katikati, na mama anafurahi kwa sababu hajawahi kuuona mkahawa wake ukiwa mkubwa hivyo. Kisha siku ya kazi unaweka lenzi ya milimita 50, mgongo umeugandisha ukutani, na kinachoingia ni meza moja na nusu. Atakuuliza ukumbi umekwenda wapi. Na kwenye chakula ni vibaya zaidi, kwa sababu ukisogea karibu na lenzi pana, bilauri iliyo mbele inavimba na sinia la nyuma linakuwa kama kisahani. Dawa yake ni nyepesi. Jaribu kwa lenzi utakayofanyia kazi, hata kama mwili wa kamera ni mbovu. Ukilazimika kutumia simu, iwe kwenye ukuzaji wa mara mbili (2x) na urudi nyuma kwa miguu.

Jambo la pili, simu inachanganya yenyewe mwanga wa nje na wa ndani. Inapiga zaidi ya mara moja kwa mpigo, inaunganisha, na kukuletea dirisha lenye mbingu ya bluu na chumba chenye vivuli vilivyofunguka. Kamera yako kwa mpigo mmoja haitatoa hivyo. Ama dirisha litaungua liwe jeupe, ama chumba kitakuwa giza, hadi ulete taa au uunganishe mwenyewe baadaye. Usimwahidi mteja kwa simu kitu ambacho huna taa ya kukitimizia. Mimi huizima kazi hiyo ya simu ikiwa inazimika. Kama haizimiki, namwambia mteja wazi kwamba dirisha lile litakuwa jeupe, na namuuliza kama ana neno.

Na mwanga wenyewe, uangalie mwezi. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta. Jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, kuelekea katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya miezi hiyo, Aprili hadi Septemba, adhuhuri jua liko upande wetu wa kaskazini. Baada ya hapo linahamia kusini. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, na ukuta unaotazama kaskazini unaopigwa na jua zuri mwezi wa Julai, mwezi wa Desemba uko kivulini mchana kutwa. Ukijaribu mwezi mmoja na kazi ikaahirishwa miezi minne, rudi ujaribu tena, au mwambie mteja kwamba ukuta ule hautakuwa vile. Nimeona vijana wakilaumiana na msaidizi kuhusu taa, kumbe aliyehama ni jua.

Bahari nayo. Ya kwako ni mkahawa lakini nitaitaja, kwa sababu siku moja utapata kazi ya ufukweni. Dada mmoja muuza nguo alitaka picha za madera na leso pwani ya kusini. Nikaenda kukagua saa kumi na nusu jioni, mwezi mchanga, bamvua, yaani maji makubwa. Maji yamejaa hadi miguu ya mikoko, yametulia, rangi ya zumaridi. Nikapiga picha kwa simu yangu, nikamwonyesha, akalia kwa furaha. Tukapanga wiki moja baadaye, saa ile ile, na wasichana watatu, mpambaji mmoja wa nyuso na gari la kukodi. Tulipofika maji yalikuwa yametoka, yamebaki mchanga wenye mashimo ya kaa na mwani unaonuka. Kwetu maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hivyo wiki moja inatosha kugeuza kujaa kuwa kupwa, na bamvua kuwa maji mafu, yasiyojaa sana. Mvuvi yeyote angeniambia, hata mtoto wake angeniambia. Siku hizi sipeleki picha ya ufukwe kwa mteja bila kuandika chini yake tarehe, saa na hali ya maji, na siku ya kazi naichagua kwa jedwali la maji kwanza, kalenda ya mteja baadaye.

Utaniuliza, si bora basi nisipige kabisa, nimkusanyie picha nzuri za watu kutoka mtandaoni, nimwambie "tutafanya kama hizi"? Wengi hufanya hivyo na mimi siipendi. Picha ya mkahawa wa Istanbul imepigwa na kikosi cha watu, dirisha la mita nne na bajeti yake. Mteja ataipenda hiyo, kisha atakudai hiyo. Na ukiiiga sawasawa umeiba kazi ya mwenzako. Picha yako mbovu, iliyopigwa ndani ya ukumbi wake, kwenye meza yake, inamwonyesha kinachowezekana pale pale. Nikitumia picha za watu ni moja au mbili, na ni kwa ajili ya kitu kimoja kama aina ya kivuli, na ninakitaja kitu hicho.

Kuhusu watu walioingia kwenye majaribio yako. Mpishi, mhudumu, mgeni aliyekuwa akila kona ya nyuma, mama wa buibui aliyepita mlangoni. Umewaomba? Usiseme "ni majaribio tu." Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haiangalii kama picha ni nzuri au ghafi. Mtu akitambulika usoni hiyo ni taarifa yake binafsi, na kuitumia kibiashara bila ridhaa kunaweza kukufikisha wewe na mama mwenye mkahawa mbele ya Kamishna wa Data. Lakini hata kabla ya sheria kuna heshima. Mji wa Kale watu wamechoka kupigwa picha kama vitu vya makumbusho. Majaribio yangu nayapiga mkahawa ukiwa mtupu, na nikihitaji mtu namkalisha msaidizi wangu.

Sheria nyingine unayopaswa kuijua ni ya Hakimiliki, ya mwaka 2001. Kwa Kenya, kazi ukiagizwa na mtu, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa muwe mmekubaliana vingine. Vijana wengi wanadhani ni kinyume, kwamba aliyebonyeza ndiye mwenyewe siku zote. Sasa fikiria, mmekubaliana kwa mdomo, hakuna karatasi, na wewe umeshamkabidhi picha 18. Je, hizo ni sehemu ya kazi aliyokuagiza au si sehemu? Usitake kufika mahali pa kulijibu hilo mbele ya wakili. Andika kwenye mkataba mistari miwili: picha za majaribio ni za mpiga picha na hazitumiki, picha za kazi ni hizi, kwa matumizi haya. Na siku ya kukagua iwe na bei yake. Umepanda matatu, umetumia nusu siku, umefikiri, hiyo ni kazi. Mimi huiweka kwenye arubuni, na bila arubuni sitoi kamera kwenye mfuko.

Haya, na sasa ufanye nini na mama huyu.

Usimjibu kwa WhatsApp. Nenda, na uende baada ya alasiri, chakula cha mchana kimekwisha na cha jioni hakijaanza, awe na nafasi ya kuketi. Kabla ya kwenda, pitia kwa mchapaji, uchape ile ile iliyowekwa kwenye stetasi, kwa ukubwa wa menyu yake. Picha ya WhatsApp yenye pikseli 1600 upande mrefu, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, haivuki sentimita 13 na nusu; menyu ya A3 ina sentimita 42. Itakapovutwa hadi hapo punje za wali zitakuwa uji. Mwekee mezani kwa upole bila kumkomoa. Mwambie, "Mama, kwenye simu ni nzuri kweli, ndiyo maana mwanao akaipenda. Hii hapa ndivyo itakavyokuwa mbele ya mgeni wako." Kisha nyamaza aitazame mwenyewe.

Kuhusu stetasi usianzishe ugomvi, ya saa 24 imeshapita. Mwombe tu isipandishwe kwenye ukurasa wa mkahawa, na umweleze sababu iliyo ya faida yake: wageni wataizoea picha mbovu kabla ya nzuri kuja.

Punguzo ni jambo jingine, na hapa nataka uwe mkweli kwanza na nafsi yako. Kama haja yake hasa ni Instagram, simu iliyoshikwa na mtu anayejua mwanga yaweza kumtosha, na ukimwambia hivyo utapata mteja wa miaka kumi. Gawanya kazi. Menyu na ukumbi vipigwe kwa kamera na taa kwa bei mliyokubaliana, na za ukurasa wake uzipige kwa simu siku hiyo hiyo, kwa bei ndogo yake. Lakini kazi ile ile, idadi ile ile, kwa pesa pungufu, kataa kwa adabu. Bei ishuke kazi ikipungua, na umwonyeshe kwenye karatasi ni sahani zipi zinaondoka. Ukipunguza bure leo, umethibitisha kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya kubuni.

Kisha mtoe kwenye zile 18. Chagua mbili tu, zile zenye maswali ya kweli, zichape nyeusi na nyeupe, na uanze upya naye pale pale, na shemeji akiwepo ni bora zaidi. Usiombe radhi kwa picha. Omba radhi kwa kuzituma bila maelezo, maana hilo ni lako.

Umeuliza pia kama mpishi apike chakula kizima kwa majaribio. Hapana. Kupikisha biriani ya sinia ili uipige kwa simu ni kuwatesa watu jikoni, na mteja atahisi tayari amegharamika. Wala usipige sahani tupu, kwa sababu sahani tupu haikuonyeshi kimo wala kivuli. Omba sinia lile lile litakalotumika siku ya kazi, hilo usilibadilishe, kwa kuwa ukingo wake ndio utakaoamua fremu yako. Ulijaze wali mweupe wa jana, ulioinuliwa katikati kwa kimo cha biriani ya kweli, na juu yake uweke ndimu tatu na kitunguu kizima pale nyama itakapokuwa. Weka bilauri na dele mahali pake. Pale dirishani, sogeza sinia kiganja kimoja kimoja kutoka kwenye mwanga hadi uone kivuli cha ndimu kimelala juu ya wali bila kufika ukingoni. Bandika utepe sakafuni penye miguu ya meza, mwingine penye miguu ya tripodi, andika saa. Siku ya kazi mpishi ataleta biriani yenye mvuke, na mvuke hautakusubiri zaidi ya dakika chache. Wewe utakuwa umeshasimama kwenye utepe wako.